Mshonaji Aliyesoma Deraya

Ukimpa nguo, hakukusalimia kwanza. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mishono yote, kisha ndipo alipoinua uso na kukuuliza habari za nyumbani. Wateja wageni walidhani ana kiburi. Sisi majirani tulijua kwamba salamu ilikuwa imeshaanza, ila alikuwa akisalimiana na nguo.

Nitamwita Mama Mshonaji, kama soko zima la Kashikishi, mji wetu wa kando ya ziwa Mweru, lilivyomwita. Jina lake nalijua, na inatosha nilijue mimi. Alikuwa jirani yangu kwa miaka sita, ukuta kwa ukuta: yeye na cherehani yake barazani, mimi ndani na kompyuta, kamera na mashine ya fotokopi. Amehama sasa. Hapo barazani yupo bwana anayeuza salaula, zile nguo za mitumba zinazokuja kwa marobota, na kila akikung'uta shati najikuta nimenyanyua kichwa. Naandika haya kwa sababu sikumshukuru vya kutosha alipokuwa karibu. Pia kwa sababu watu wakisikia kwamba mama mzima wa kwaya ndiye aliyenifundisha kuuelewa mchezo wa kompyuta, wanacheka, na mimi napenda wacheke wakiwa wanajua wanachokicheka.

Kompyuta yangu niliinunua ikiwa imetumika, na aliyekuwa nayo alisahau kufuta mchezo uliokuwa ndani. Ni mchezo wa falme za kubuni: majoka, malango ya mawe, mashujaa wenye panga ndefu kuliko wao wenyewe. Nilikuwa nikiucheza mchana, wateja wakiadimika na umeme ukiwepo. Una tabia moja iliyoniteka, nayo ni kwamba haukusimulii kitu. Unafika falme zikiwa zimeshaanguka, na hakuna wa kukueleza nani alimsaliti nani. Kilichobaki ni deraya tu, yale mavazi ya chuma ya vita, ambayo unayaokota huku na kule. Ukitaka kujua historia ya nchi ile, lazima uyalinganishe: kifua cha huyu na kifua cha yule, nembo, ukanda, kitambaa cha ndani. Kuna kundi mtandaoni la watu wa nchi nyingi ambao kazi yao ni hiyo. Wanaweka picha mbili bega kwa bega na kubishana wiki nzima. Nilijiunga nao, nikawa nabishana kwa Kiingereza changu cha sekondari, na sikuwa mbaya.

Siku ya kwanza Mama Mshonaji alipoingia na kuuona mchezo, shujaa wangu alikuwa anakatwa kichwa.

"Kwa jina la Yesu!" alisema, akajifunika uso kwa chitenge. "Mwanangu, ile kintu iko na mapepo. Zima!"

Sikuzima. Nilisimamisha vita, nikafungua ukurasa wa mavazi, pale shujaa anaposimama peke yake na unaweza kumzungusha upendavyo. Kisha chitenge kikashuka kidogo, jicho moja likatokeza.

"Muzungushe tena."

"Mama, si umesema kuna mapepo?"

"Mapepo iko kule kwa vita. Huyu iko anasimama tu. Muzungushe, nione mugongo."

Nikamzungusha. Alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Huyu mutu iko na bibi, ao iko na mutumishi," alisema. Kwao bibi ni mke. "Vifungo vyake vyote viko kwa mugongo. Hawezi kujivalisha. Kila asubui kuko mutu anamufungia."

Nilikuwa nimecheza na deraya hiyo miezi mingi, na nilichokiona mimi ni simba tu aliyechorwa kifuani. Katika mchezo, mwenye deraya hiyo anaishi peke yake kwenye mnara, na kundi zima lilimwita Mpweke. Mama Mshonaji alipoondoka nilirudi mnarani, nikatafuta kila chumba. Nyuma ya ngazi nikakuta kitanda cha pili, kidogo, kimetandikwa. Niliandika kwenye kundi, "Mpweke hakuwa mpweke. Nani alimfunga vifungo?" Watu walinijibu kwa siku tatu, na wengine waliniita mtaalamu. Nilijisikia vizuri kwa ujanja usiokuwa wangu.

Tangu hapo alikuja karibu kila siku, saa ambazo jua lilikuwa limelijaza baraza lake. Hakuwahi kugusa kipanya. Alikaa kwenye kiti cha wateja wa picha, akaniamuru: mbele, nyuma, inua mkono, shusha. Mashujaa aliwaita wateja. Ilipobidi tupigane ili tupate vazi jipya, alijifunika chitenge na kuimba wimbo wa kwaya hadi nimwambie kwamba mtu ameshakufa. Kisha alifunua uso na kuuliza, bila huruma hata kidogo, "Alivaa nini?"

Macho yale yalikuwa na sababu, na hakuificha. Yeye na watu wa kwao walitoka upande wa pili wa ziwa, kule Pweto, siku ambayo vita vilifika na kijiji kizima kikakimbilia majini kwa mara moja. Mitumbwi ilijaa. Yeye alisukumwa kwenye mmoja, mdogo wake wa kike kwenye mwingine. Wa kwake ulifika. Ule mwingine hakuna aliyemwambia ulifika wapi, wala kama ulifika. Alizunguka ofisi, alisomewa orodha, alisimama kwenye mistari ya wakimbizi wapya. Majina hayakumsaidia, kwa sababu mtu akiolewa hubadilisha, akiogopa hubadilisha, na karani akiwa na haraka humbadilishia.

"Batu banabadilisha majina," aliniambia. "Mukono haibadilike. Mudogo wangu nilimufundisha kushona mi mwenyewe, na iko anatumia mukono wa kushoto. Siku nitaona mushono wake, nitaujua hata kwa giza."

Ndiyo maana aligeuza kila nguo. Miaka yote ile niliyomjua, kila shati lililopita barazani, kila gauni, kila sare ya kwaya, alilipekua akimtafuta mtu mmoja. Kushona kulimpa chakula, lakini kazi yake hasa ilikuwa hiyo.

Na alishaumia nayo. Kabla sijafungua duka, aliwahi kumfuata mwanamke mmoja kutoka sokoni hadi boma la Nchelenge, makao ya wilaya yetu, kwa sababu ya pindo la gauni. Alipomfikia na kumwomba alishike, kumbe gauni lilikuwa la salaula, la kiwandani, la nchi ambayo hakuna kati yao aliyejua iko wapi. Walisema hakuonekana barazani wiki nzima. Aliponisimulia alicheka, ila mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua kitambaa kisichohitaji kukunjwa.

Usinielewe kwamba alikuwa mtu wa huzuni. Alikuwa mkali, mcheshi, na kwa mambo mengine hakuwa na msimamo kabisa. Alihubiri uvumilivu kwa kila mteja aliyelalamika, lakini maji ya chai yakichelewa kuchemka aliyanywa vuguvugu huku akiyalaani. Alishonea nusu ya mabibi harusi wa Kashikishi, na sketi yake mwenyewe pindo lilishikwa na pini tangu nimjue. Aliishi hatua mia mbili kutoka ziwani na hakuwahi kushuka hadi ufukweni. Samaki aliletewa. Upepo wa Mweru ukivuma kwa nguvu alihamisha kiti akaupa mgongo.

Alisema pia hapendi umbea. "Mi sipendake maneno ya batu," ndivyo alivyoanza kila mara kabla ya kunieleza maneno ya watu. Ila umbea wake alikuwa anausoma kwenye nguo. Bwana mmoja alileta suruali ipunguzwe kiuno, akaiacha akaenda. Mama Mshonaji aliniita.

"Huyu amefiwa na bibi. Uliona mukanda? Iko na matundu tatu mupya, ametoboa na musumari. Anakonda, na hakuna mutu anamwambia kula."

"Huenda ni mgonjwa tu, Mama."

"Mugonjwa angekuwa na shati ya kufuliwa. Ile ya kwake imefuliwa mbele tu."

Kesho yake alinituma nimwite bwana yule aje kuijaribu suruali, ambayo kusema kweli haikuwa imeguswa. Alipofika alikuta ubwali, yaani ugali wa huku, na chisense, dagaa wa ziwani, vimefunikwa kwenye sahani. "Kula kwanza, nipime muzuri," alimwambia. "Siwezi kupima tumbo ya njaa." Yule bwana alikula mpaka akamaliza, na alipofika mwisho alikuwa anafuta macho. Suruali hiyo ilijaribiwa mara sita mwezi ule.

Na mimi alinisoma. Nina koti la zamani lililokuwa la baba yangu, mvuvi wa hapa hapa Nchelenge, aliyefariki nikiwa sekondari. Baba alikuwa mtu wa maneno machache na makofi ya haraka. Mama yangu, ambaye ni wa upande wa Pweto na ndiye aliyenipa Kiswahili hiki, alisema baba hakujua kupenda kwa sauti. Koti nililivaa kwa ajili ya baridi ya Juni tu. Siku moja Mama Mshonaji alinivua kwa nguvu kwa sababu kwapa lilikuwa linaachia, akaligeuza, akakaa nalo muda mrefu.

"Nani alirekebisha hapa ndani?"

"Sijui. Labda fundi."

"Haina fundi. Angalia fundo. Hii ni fundo ya wavu. Hii ni muvuvi, na uzi yake ni ile ya nyavu." Alinionyesha kwenye bitana, upande wa kushoto. Palikuwa na kiraka kidogo cha kitambaa cha sufu, kimefungwa kwa mafundo kumi na moja, moja moja, kwa subira. "Hii koti ulivaaka ukiwa mutoto?"

Nikakumbuka. Nilikuwa na kifua kibovu, na asubuhi za baridi nilipelekwa shule nikiwa nimevikwa koti hili linaloburuta chini. Nilifikiri lilikuwa koti tu lililokuwepo.

"Alikuwekea sufu pahali ya mapafu," alisema Mama Mshonaji, akanirudishia. Hakulishona lile kwapa siku hiyo. Alisema nikae nalo kwanza.

Mpaka leo sijui nimshukuru vipi kwa mafundo yale kumi na moja. Alinipa baba ambaye sikuwa naye hata alipokuwa hai. Nililia pale pale mbele ya mteja wa fotokopi, na yeye akamwambia mteja, "Ngojea, mashine iko inapoa."

Kwenye mchezo, jambo lililogawa kundi letu lilikuwa Mlinzi wa Lango. Huyu havui kofia ya chuma wala hasemi neno, na hakuna ajuaye ni nani. Deraya yake ni ya dhahabu, ya Ufalme wa Mlima, na karibu kila mtu aliamini ni mwana wa mfalme aliyeadhibiwa kusimama langoni milele. Nilimwonyesha Mama Mshonaji picha zake zote. Aliipita dhahabu kama haipo, akasema niinue mkono wa Mlinzi.

Chini ya kwapa kuna ukanda unaoshika bamba la bega. Ukanda ule umepitishwa mara mbili kwenye tundu moja la kishikizo, na tundu la pili limebaki wazi. Kundi lilikuwa limeshaliona. Walisema ni pambo la kifalme.

"Haina pambo," alisema. "Pambo inakaaka pahali batu banaiona. Hii iko kwa kwapa. Hii ni kosa."

"Kosa la nani?"

"La mwalimu. Kuko mutu alifundishwa vibaya na hakujua, akafundisha mwingine. Mwanafunzi anaiga yote, hata kikohozi ya mwalimu. Kitu kizuri kila mutu anaweza kuiga, sokoni, kwa barabara. Lakini kosa, mpaka ukae na mutu."

Tulitafuta siku nne. Kwenye kijiji maskini cha matopeni, upande mwingine kabisa wa nchi ile, ndani ya kibanda cha mhunzi, tulikuta aproni ya ngozi iliyochanika. Ukanda wake ulipita mara mbili tundu moja, la pili wazi. Nikaweka picha hizo mbili bega kwa bega kwenye kundi na kuandika: Mlinzi si mwana wa mfalme, aliyemvika ni mtu wa matopeni.

Palichimbika. Baadhi walikubali, baadhi walinikejeli, na mmoja aliyesema kazi yake ni kutengeneza michezo alinimaliza kabisa. Aliandika kwamba wachoraji huwa wanachoka, na wakichoka wananakili kipande kimoja mahali pengi. Hakuna siri, alisema, ni uvivu tu.

Nilimweleza Mama Mshonaji nikiwa nimenyong'onyea. Nilidhani atavunjika moyo kama mimi. Yeye alicheka mpaka akashika ukuta.

"Sasa huyo anafikiri amesema nini? Mutu akichoka anachukua kile kiko karibu na mukono. Mi pia, siku nachoka, nakata nguo ya batoto babili na karatasi moja ya vipimo. Lakini ni karatasi ya nyumba yangu. Donc, basi, vile vitu viwili vilikuwa karibu. Mwambie asante."

Nilimwandikia yule mtu asante, na sababu yake. Hakujibu tena.

Naona nimezungumza mengi kuhusu michezo, lakini bila huo mchezo nisingefika Puta, kijiji cha upande wetu wa ziwa, nikiwa na macho ya kuona. Mwaka jana shule moja ya upande ule iliniita nipige picha za wanafunzi wanaojiandikisha kwa mtihani. Nilipanda gari la mizigo lililokuwa likienda kuchukua samaki, nikapiga picha siku nzima mbele ya shuka jeupe, nikarudi. Siku iliyofuata nilikaa dukani kuzikata picha, uso baada ya uso. Kwenye kona ya chini ya mfuko wa shati la mtoto mmoja niliona kitambaa kimejikunja kidogo na kutokeza, kama mdomo wa kifaranga. Nikapita. Mtoto wa nne baada yake alikuwa na mdomo huo huo, kona hiyo hiyo. Nikasimama. Nikapitia darasa zima na kuhesabu mashati kumi na saba.

Sikujua kitu. Niapishwe popote, sikujua. Nilichofikiri ni kwamba nimepata kosa la mwalimu, la kweli, nje ya mchezo, na kwamba Mama Mshonaji atafurahi. Nikaweka picha mbili bega kwa bega kwenye kioo kama tunavyofanya kwenye kundi, nikampigia kelele aje.

Aliingia na futi la kupimia shingoni. "Ni Mlinzi tena?"

"Hapana, Mama. Ni watoto wa Puta. Angalia mfuko."

Aliangalia. Futi lilianza kuteleza shingoni mwake na hakulishika, likaanguka.

"Kuza," alisema.

Nikakuza.

"Kuza tena."

Nikakuza mpaka picha ikawa vipande vya rangi. Mkono wake ulikuwa unakitafuta kiti nyuma yake bila kugeuka, nami nikakisogeza. Akakaa. Mtu alikuja na cheti cha kutolea fotokopi, nikamwashiria arudi baadaye.

"Kule nyumbani tulikuwa na masini moja ya kushona, ya zamani," alisema mwishowe. "Muguu yake ilikuwa inateleza. Ukifika kwa kona ya poshi, ya mufuko, inakula kitambaa, inakunja. Sikuwa na pesa ya kuitengeneza, nikazoea. Mudogo wangu alijifunzia kwa ile masini. Alifikiri poshi ndiyo inakuwaka vile. Kuja huku, nilipata masini muzuri, nikaacha ile kosa." Alinyoosha kidole kuelekea kwenye kioo lakini hakukigusa. "Yeye hakuacha."

"Basi twende, Mama! Gari lipo kesho."

"Hapana."

"Lakini Mama..."

"Picha haina ndani," alisema kwa ukali. "Naona nje tu. Pengine ni mutu alinunua masini mubaya sawa ya kwetu. Pengine ni mutu alifundishwa na yeye, na yeye alikufa zamani. Nikienda mi mwenyewe, na siyo yeye, sitarudia hapa na akili yangu. Lile gauni ya boma lilitosha."

Mwanamke aliyeweza kumsoma mtu kutoka kwenye mkanda alikuwa anaogopa kusoma mfuko mmoja wa shati, na nilimwelewa kabisa.

Kesho yake asubuhi nilimkuta barazani anakosea. Alikuwa na kipande cha kitambaa cheupe, anashona mfuko tu, usio na shati. Alitaka kuiweka ile kona iliyojikunja, lakini cherehani yake ilikuwa nzuri na haikukubali. Alifumua. Akarudia, ikatoka imenyooka. Mikono yake ilikuwa imesahau kosa. Mara ya nne alisimamisha mashine, akaikunja kona kwa vidole, akaishikilia na kuipitisha hivyo hivyo chini ya sindano. Ikatoka mdomo wa kifaranga. Aliigeuza ndani nje, akaikagua, akanipa.

"Unarudia Puta kupeleka mapicha?"

"Ndiyo, Mama. Ijumaa."

"Umutafute yule anashona zile nguo. Usiseme jina yangu. Usiseme unatoka wapi. Umupe hii tu, halafu uangalie atafanya nini kwanza. Na uangalie ni mukono gani."

Nilipoupokea niliona kwamba pini iliyoshika pindo la sketi yake haipo. Alikuwa amelishona.

Huko Puta sikupata shida. Nilikabidhi picha shuleni na kumuuliza mwalimu ni nani anayewashonea watoto sare, akanionyesha nyumba ya tatu baada ya mahali wanapoanika nyavu. Mlangoni palikuwa na cherehani ya mguu, na mwanamke wa makamo, mwembamba, ana pini tatu mdomoni. Nilisema hodi. Nikasema shikamoo. Kisha, kwa sababu sikujua niseme nini kingine bila kuvunja masharti, nilimnyooshea ule mfuko.

Hakuitikia salamu. Aliupokea, akaugeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, upande hadi upande, hadi kwenye kona. Pale kidole kikasimama. Alitoa pini mdomoni moja moja na kuzichomeka kwenye kitambaa mapajani pake bila kukosea.

"Ameshona lini?" aliuliza.

"Jumanne."

"Hii Jumanne ya wiki hii?"

"Ya wiki hii."

Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Nikamwambia yote, masharti yakanishinda. Nikamweleza kwamba dada yake yuko Kashikishi, kwamba amepekua kila nguo ya soko zima, kwamba aliliacha lile kosa alipopata mashine nzuri. Nikamwambia pia alivyosema, kwamba mdogo wake hakujua, kwamba alidhani mfuko ndivyo unavyokuwa.

Hapo alicheka huku analia. Aliichukua sare iliyokuwa kwenye cherehani, akaingiza mfuko chini ya sindano, akakanyaga. Kona ilitoka imenyooka kabisa, safi. Mashine yake haikuwa na kasoro yoyote.

"Mi nilijua ni kosa tangu zamani," alisema. "Naikunjaka na vidole, kila poshi, kila mutoto. Bamama banalalamika, banasema mushono wangu ni mubaya, hata bengine banapeleka kwa mwingine. Mi naikunja. Ningeliacha, dada yangu angenijua na nini?"

Basi haikuwa pambo, na Mama Mshonaji naye hakuwa sahihi, haikuwa kosa la mwalimu. Nimemsamehe, kwa yote mengine aliyonisomea. Nilitoa simu nikampigia. Haikumaliza mlio wa kwanza. Hakusema alo wala hakuuliza nimefika salama.

"Mukono gani?" alisema.

Nikamtazama mwanamke yule, ule mfuko ameukumbatia kifuani kwa mkono ule ule uliozichomeka pini.

"Wa kushoto, Mama," nikamjibu, nikampa mdogo wake simu.